Kibao Shingoni kwa Nasra

Jumatatu, 4 Mei

Haya shosti, umeamkaje. Mie nimeamka na unga kwenye nywele. Keki ya kipaimara ya mama wa Segerea imesimama vizuri, haijabonyea, nashukuru. Ya pili imeungua chini. Nitakwangua, nitapaka krimu, nani atajua.

Nasra kaondoka na basi la shule giza bado, mvua inanyesha. Mtoto anasinzia amesimama kama mlinzi wa getini. Miaka sita. Mie kwa umri ule saa zile nilikuwaga nalala fofofo na hakuna aliyenigusa. Nikamwambia Baba Nasra hivyo. Akasema ndo maana leo nakwangua keki. Akacheka. Mie sikucheka.

Jioni karudi na kibao shingoni. Nilidhani mchezo. Kipande cha mbao, kamba ya katani, juu kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba aliyekivaa kaongea Kiswahili. Nikamuuliza, akanieleza. Ukikutwa unaongea Kiswahili shuleni, unavishwa. Ili ukivue, lazima umkamate mwenzio naye kaongea, unamvisha yeye. Kengele ya mwisho ikikukuta nacho, unaenda nacho nyumbani, kesho yake unafagia darasa peke yako.

Kengele imemkuta Nasra. Hata sishangai. Ule mdomo wake hauna breki.

Nimekivua nikakirusha chini ya kitanda. Kaingia uvunguni akakitoa, akakivaa tena. Eti ticha kasema mpaka wakati wa kulala.

Nimekereka sana.

Jumatano, 6 Mei

Baba Nasra kakipenda kibao. Kasema hiyo ndo dawa, mtoto atanyooka mwezi mmoja. Hajaishia hapo. Kaweka sheria: adhana ya magharibi ikilia, humu ndani ni Kiingereza tupu mpaka kulala.

Sasa shosti, Kiingereza chenyewe kiko wapi. Cha Baba Nasra ni cha stoo. Anafanya kazi stoo ya kiwanda kule Mikocheni, anajua katoni ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, dereva asaini hapa. Changu ni cha kwenye simu, nimekiokota kwa wapishi wa YouTube: washa oveni, pima unga, acha ipoe. Ukituunganisha tunaweza kupokea mzigo wa keki. Basi.

Tumekula kimya. Nilitaka chumvi, nikanyoosha kidole. Yeye alitaka maji, akagonga glasi. Nasra anatuangalia midomo, mara mie mara baba yake, kama paka mbele ya shimo la panya. Anawinda.

Sijapenda. Chakula chenyewe samaki wa nazi, na hakuna aliyesema kitamu.

Jumamosi, 9 Mei

Kitu kimetokea leo kimenivuruga.

Jumamosi Nasra hukaa na mie nikipika. Anageuza ndoo ya unga, anakalia, anaanza. Nani kapigana na nani, nani katapika kwenye basi, kuku wa jirani ana mimba. Nilikuwaga namwambia nyamaza kidogo mwanangu, nipumue. Leo kakaa kimya. Mchana kweupe, magharibi iko mbali, baba yake kazini. Namuuliza, ananijibu yes, no, okey. Nikamwambia Nasra, hii saa yetu, ongea. Akaangalia mlango kwanza. Akatikisa kichwa.

Nikawasha video ya mapishi, angalau pawe na sauti.

Halafu hapohapo nikiwa naangalia video, mpishi kasema neno. Hilo neno nimelisikia miaka, mie nikawa nakoroga tu. Nasra akasogea akaninong'oneza, mama, hajasema koroga, kasema kunja. Akachukua mwiko akanionyesha, taratibu, unatoa chini unafunika juu, kama unakunja kanga. Nikafanya. Keki imepanda haijawahi kupanda vile.

Kazi hii nimejifunza mwenyewe, kwa kuangalia mikono ya watu. Walichokuwa wanasema sikukijua. Mtoto wa darasa la kwanza anakijua.

Nimefurahi. Nimeumia. Vyote kwa pamoja, na sijui nianze na kipi.

Jumanne, 12 Mei

Mama Warda kaja. Ni jirani wa mlango wa tatu, Warda wake yuko darasa moja na Nasra na basi moja. Hakugonga kwa shari. Kamleta Warda, kampandisha mkono wa sweta. Mkono una alama, nyekundu, nyingine zimeshageuka za bluu.

"Mama Nasra, mwanao anamfinya mwanangu," akasema.

Nikamwita Nasra. Hakukataa. Kaeleza kwa utulivu, kama anaeleza njia ya kwenda dukani. Warda hakosei. Warda anajichunga sana, hatoi neno. Kwa hiyo ukiwa na kibao unamfinya. Akiumia anapiga kelele mama nakufa. Hicho ni Kiswahili. Unamvisha.

Nikaugusa mkono wa Warda, taratibu.

Nikamwomba Mama Warda radhi. Hakupokea, hakukataa. Kasema wa kwake naye anafanya hivyohivyo kwa mtoto mwingine anayekaa mbele yake, kakiri jana. Akamshusha Warda mkono wa sweta, wakaondoka.

Baba Nasra aliporudi nikamsimulia. Akacheka mpaka akashika ukuta. Mtoto mjanja huyu, kasema, huyu maisha hayamsumbui. Nilitamani nimfinye yeye nione atalia kwa lugha gani.

Ijumaa, 15 Mei

Nimefanya jambo na sijamwambia mtu. Nakwambia wewe tu.

Nimeenda kayumba. Ile shule ya serikali nyuma ya soko la Tandika, niliyosoma mie mwenyewe. Nimeaga napeleka keki Buguruni.

Shosti, nisikudanganye. Watoto wamejaa, dawati la wawili wamekaa wanne, wengine wako chini kwenye sementi. Mwalimu sauti imekauka. Choo sikitaji. Nilisimama dirishani nikamtafuta Nasra wangu kwenye lile kundi, nikampoteza hata kabla hajaingia.

Lakini kwenye ngazi kulikuwa na kibinti, sare imechanika begani, anawasimulia wenzake kitu. Mikono inaruka, macho yametoka, wenzake wamekufa kwa kicheko. Nilisimama pale kama mwizi, nasikiliza. Mpaka mlinzi akaniuliza mama unamtafuta nani.

Mwalimu mkuu kasema uhamisho unawezekana shule zikifunga mwezi ujao. Tuje wazazi wote wawili. Hapo kwenye wote wawili ndo pana kazi.

Jumapili, 17 Mei

Kajua.

Kumbe rafiki yake ana genge jirani na ile shule. Aliniona, akampigia simu, eti shemeji anatafuta kazi ya ualimu? Utani. Baba Nasra hakuuona utani.

Alianza kwa sauti ya chini, na mie naogopaga zaidi akiwa hivyo. Kwamba nimemficha. Kweli nimemficha. Kwamba anaamka alfajiri kwa ajili ya shule ile, hanunui hata shati. Kweli. Nikamwambia mtoto anafundishwa kuumiza wenzake na wewe unacheka. Akasema watoto wote wanafinyana, hata yeye alifinya watu, akakua. Nikamwambia ulifinya kwa sababu ya embe, hukufinya kwa sababu ya lugha ya mama yako.

Kisha kasema kitu ambacho hajawahi kunisimulia mpaka mwisho. Ile intavyu ya usupavaiza, mwaka juzi. Nilijua tu kwamba alikosa.

"Hawakuniuliza kitu kigumu, Mama Nasra. Walisema nijieleze. Jina langu na kazi ninayoifanya. Kwa Kiingereza. Nimefanya kazi ile miaka tisa, nikakaa kama gogo. Kazi kapewa dogo niliyemfundisha mimi. Mwanangu hatokaa kama gogo mbele ya mtu."

Ningenyamaza. Mtu mwenye busara angenyamaza. Mie nikamjibu:

"Ameshakaa. Humu ndani kwake, mbele ya mama yake."

Akavaa kofia akatoka. Kanuna mpaka usiku. Haongei na mie Kiswahili wala Kiingereza.

Alhamisi, 21 Mei

Niandike haraka.

Mvua ya leo imejaza uwanja wote. Magharibi imeshapita. Baba Nasra anajiandaa kwenda msikitini kwa isha, kachukua gambuti lake lililokuwa mlangoni. Mie niko jikoni, mgongo nimewapa. Nasra kakaa kizingitini.

Namsikia Baba Nasra anamsemesha kwa Kiingereza, kwa upole, yes Nasra, sema, sema. Nikageuka. Nasra kasimama, mdomo wazi, mkono ameunyoosha kwenye gambuti, vidole vinachezacheza. Neno halitoki. Baba yake anatabasamu, anamsubiri, mguu anauingiza.

Tandu. Mkubwa, wa masika, yule mwekundu.

Kelele alizopiga zimefika barabarani. Kamtukana tandu, kamtukana mama wa tandu na ukoo mzima, kwa Kizaramo na Kiswahili. Mama Warda kaja mbio na jirani mwingine, tumempeleka dispensari, kachomwa sindano. Mguu umevimba kama mkate wa ajemi. Watamwangalia, kasema daktari, hatokufa.

Tuliporudi Nasra yuko palepale kizingitini, analia bila sauti. Nikampakata. Nikamuuliza mwanangu, ulimwona tandu akiingia? Akaitikia kwa kichwa. Mbona hukusema?

"Nilikuwa nalitafuta," akasema, kwa kunong'ona. "Nyoka nalijua. Mdudu nalijua. Hilo lake silijui."

Baba Nasra alikuwa kitandani anagugumia. Akaacha kugugumia.

Jumamosi, 23 Mei

Jana hakwenda kazini. Nikadhani mguu. Kumbe kaenda shule, anachechemea, mguu mmoja kiatu, mwingine ndala. Hakuniambia. Tumelingana sasa.

Leo asubuhi kanikuta nakanda unga, kakalia ile ndoo ya Nasra, imemzidi udogo, kanisimulia. Alimwomba mwalimu wa darasa waondoe kibao. Sio kwa Nasra tu, kwa wote. Mwalimu kamsikiliza kwa adabu zote. Halafu kamkumbusha kwamba kibao hakikuletwa na shule. Kilipendekezwa kwenye kikao cha wazazi cha Aprili. Walimu wenyewe walisita. Wazazi wakapiga kura ya mikono.

"Na mie nilinyoosha," kasema Baba Nasra. "Wa kwanza. Kabla hata mwenyekiti hajamaliza."

Alisema akiangalia mguu wake. Kile kikao nilimwambia aende peke yake, mie nina keki ya harusi.

Sasa kukiondoa mpaka kikao kingine, baada ya likizo, na wazazi wengine watakataa. Kawapigia watatu. Mmoja kamwuliza kama anataka watoto wao wawe makonda wa daladala.

Nikasubiri aseme basi tumhamishe. Hakusema. Nikasubiri aseme basi abaki. Hakusema vilevile. Kaokota punje ya unga kwenye suruali, kaifuta, kisha:

"Amua wewe. Mie nikiamua, anaamua yule aliyekaa kwenye intavyu. Sio baba yake."

Nimeitafuta hiyo sentensi wiki tatu. Nimegombana kwa ajili yake, nimedanganya kwa ajili yake. Leo nimepewa na sina pa kuiweka.

Jumapili, 24 Mei

Mvua imekata. Jua la kwanza la maana mwezi huu. Nimeanika godoro la Nasra.

Sheria ya magharibi imeondoka yenyewe, hakuna aliyeitangaza. Jana tumekula na Baba Nasra kasema mchuzi umekolea. Nasra kamwangalia, akarudi kwenye sahani.

Leo nilikuwa ndani nakunja nguo, nikasikia sauti nyuma ya nyumba. Sauti ya Nasra. Nikasogea kwenye pazia la mlango wa uani. Kakaa peke yake kwenye kivuli cha ukuta, kapanga masufuria yangu mstari, anayasimulia. Kuna paka wa Buguruni kaenda kuposa, kavaa kanzu ya kuazima, mkia umegoma kuingia. Wakwe wanamuuliza, bwana harusi, hicho nyuma ni nini? Anaigiza sauti ya mkwe, anaigiza ya paka. Kila baada ya maneno mawili anageuka kuangalia mlango.

Nilitaka kutoka nimkumbatie. Baba Nasra kajiinua kitandani, kanionyesha kwa mkono nisitoke.

Nikabaki nyuma ya pazia. Paka kajibu kwamba hiyo ni zawadi ya bibi harusi. Nikauma kanga nisicheke.

Akibaki kule, huenda siku moja atajieleza mbele ya mtu yeyote, na mie atanisomea dunia nzima. Akija kayumba, huyu anayeongea na masufuria atarudi kukaa jikoni kwangu, halafu nani atamwona kwenye lile kundi. Mwalimu mkuu anasubiri jibu. Baba Nasra anasubiri, hasemi, ananiangalia tu nikipita.

Shosti, ungekuwa wewe ndo umesimama pale nyuma ya pazia, ungefanyaje?