Asante, Tumepokea

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko? Sisi wazima, ila mgongo wangu na cherehani havielewani siku hizi. Mama yako anauliza kama unakula, au siku hizi unashiba kompyuta.

Nasikia kampuni yako imepata kazi ya tovuti ya hospitali na unatafuta watu. Acha kutafuta. Nimemwahidi baba yako mdogo kwamba utamchukua mwanawe, Injinia wetu. Simu zote za mtaa huu anatengeneza yeye. Atafika Jumatatu.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini mgongo umepoa. Mimi mzima, na mwambie Mama ninakula.

Injinia nilimpokea, nikampa majaribio pamoja na waombaji wengine wawili. Kila mmoja atengeneze fomu ya mgonjwa kuomba miadi kwa daktari. Yake ilipendeza kuliko zote, sifichi. Nikajaza jina, nikabonyeza, ikaandika, "Asante, tumepokea." Nikatazama upande wa hospitali, maombi yanakotakiwa kuingia, hakuna kilichofika. Nikajaza tena, nikapewa asante nyingine. Nilipomuuliza akasema, "Dada, mteja akiona asante ataridhika. Hayo mengine tutarekebisha taratibu."

Baba, kuna mama angefunga safari na mtoto mgonjwa kwa ajili ya asante hiyo. Imeniudhi mpaka leo. Binti mmoja kati ya wale wengine, fomu yake ilikuwa haitazamiki, lakini aliniambia mapema, "Bado haifiki, na sijui inakwama wapi." Tukakaa naye tukatafuta mpaka tukapaona. Huyo ndiye nimemwajiri.

Injinia akajifunze, kisha aombe tena kama watu wengine. Kwa sasa simchukui, na hata ukinitumia ukoo mzima jibu ni hilohilo.

Mwanao

27 Machi

Wewe,

Sisi wazima.

Umeniaibisha mbele ya mdogo wangu. Niliahidi kwa mdomo wangu, sasa nimweleze nini? Kama ndugu si kitu kwako, basi kikao cha ukoo cha mwezi ujao usihangaike kuja.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Pole na mgongo. Barua yako nimeisoma, nimelia, nimenawa uso, nimerudi kazini.

Kikaoni nitakuja. Mkinifungia mlango nitakaa barazani niwasikie mnavyonisema. Ila nijibu hili: bwana harusi akikuletea kitambaa cha suti, utampa Injinia mkasi kwa sababu tu ni mtoto wa mdogo wako?

Mwanao yuleyule

21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Mama yako hajambo, ila amegoma kuzungumza nami tangu asome niliyokuandikia. Chai napewa, maneno sipewi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu la mkasi nilikuwa nalo, ila sikulipenda. Baba yako mdogo anapita dukani kila jioni kuuliza umefikia wapi, nami nimekuwa nikimwambia, "Anakaribia kukubali." Jana nikachoka kumdanganya ndugu yangu. Nikamwambia, "Amekataa. Na ningekuwa mimi ningekataa pia." Akachukua suruali yake kabla sijaikunja pindo, akaondoka bila kuaga.

Kwa hiyo jiandae, watakusema sana. Njoo. Utakaa kiti cha kando yangu, na mwenye neno juu yako atalisema huku akinitazama mimi machoni.

Baba yako