Mita Iliyofunga Maji Kwenye Matanga ya Mama Marie-Jeanne

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Kasongo. Jumatano, tarehe 18 Juni 2025, saa tatu asubuhi. Mbele yangu, Gédéon Lukali, ofisa wa polisi wa mahakama, amefika shahidi huyu bila kuitwa, naye amesema:

Mimi naitwa Victorine Mwamini, nina miaka arobaini na sita, nauza mafuta ya mawese sokoni, na nakaa hapa Kasongo katika nyumba ya lupango la marehemu mama yangu, Marie-Jeanne. Josué, ambaye mmemfunga tangu jana kwa kosa la kung'oa mita ya maji, ni mdogo wangu, tumbo moja. Nimesikia kesho mnampeleka parquet, kwa mwendesha mashtaka. Ndiyo maana nimekuja, ingawa nyumbani wamenikataza.

Naanza na mita yenyewe. Mwezi wa nne shirika la maji liliondoa mita za zamani kwenye avenue yetu, likaweka mpya zinazosomwa kutoka mbali kwa njia ya simu. Tulikusanywa, tukaambiwa hakuna mtu atakayekuja tena mlangoni. Mashine itajisemea yenyewe kwa ofisi, na ofisi itaweza kufunga maji bila kunyanyuka kwenye kiti. Tulipiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Mnamo tarehe 13 Juni, siku ya Ijumaa, alasiri, mama alifariki. Kwetu matanga yakianza, bomba la nyumbani halifungwi. Ndoo hii inatoka, nyingine inaingia, usiku na mchana, kwa sababu watu wanapika, wanakunywa, wanaoga, na ndugu wa Kabambare wanateremka kwenye pikipiki wakiwa wekundu kwa vumbi. Kila mtu wa hapa anajua hivyo. Kesho yake, saa moja asubuhi, maji yalikatika. Nilipiga simu kwa ofisi yao, ambayo iko mji mwingine. Msichana mmoja akanijibu kwa upole sana:

"Maman, machine inaonyesha maji inatembea bila kusimama. Bomba yenu imepasuka, njo maana imefunga. Technicien atakuja lundi."

Nikamwambia: "Bomba haikupasuka. Mama njo amekufa."

Akasema pole, halafu akarudia lundi, yaani Jumatatu. Nilipiga tena na tena, na kila mara nikapata mtu mwingine, ikabidi nianze kifo cha mama upya tangu mwanzo. Yule mzee aliyekuwa akisoma mita za zamani angeona turubai na viti, angevua kofia, angekaa. Mashine haijui msiba, na wale wanaoiangalia wanaiamini kuliko mimi niliye karibu na maiti.

Mtaniuliza kwa nini hatukuchota kwenye chemchemi. Tulichota, ya kupikia. Lakini katika ukoo wetu marehemu anaogeshwa kwa maji ya lupango lake. Kumwosha kwa maji mengine ni kumwambia kwamba alikuwa mgeni kwake. Shangazi zangu walikaa mlangoni pa chumba, wakakataza mtu asiguse mwili. Jua likapanda. Kufika saa sita, watu waliokaa karibu na dirisha la chumba hicho walianza kuhamisha viti vyao, mmoja mmoja, bila kusema kwa nini. Niliwaona. Niliumia kuliko saa ile mama alipokata roho.

Nathanaël ni fundi wa shirika hilohilo, na ni jirani yetu, nyumba ya tatu. Alikuwa matangani tangu Ijumaa, akilia na sisi. Shangazi mkubwa akamwita mbele ya watu wote: "Mutoto yangu, wewe njo uliweka hii kitu. Fungua."

Akajibu: "Mama, mimi naweka tu. Kufungua iko kazi ya bureau."

Alipanda kilimani nyuma ya kanisa kutafuta réseau ya simu, apigie ofisi. Aliporudi alikuwa ameinamisha kichwa. Hata yeye, mtu wao, walimwambia lundi. Akasimama kidogo karibu na lile dirisha. Halafu akavua koti, akatuma aletewe ufunguo wake wa mabomba, akang'oa mita, na pale palipobaki wazi akaunganisha bomba kwa mpira wa ndani wa baiskeli ya Josué. Josué aliutoa mpira, hilo ni kweli. Bomba hakuligusa. Mimi nilikuwa pale, nimeshika ndoo. Maji yakatoka, mama akaogeshwa, tukamzika kabla jua halijazama.

Jana mlikuja na mashtaka ya shirika. Mkaona mpira kwenye bomba, mkaona baiskeli ya Josué haina mpira, mkafunga mtu. Josué akasema: "Iko mimi." Alisema hivyo kwa sababu kwetu mtu aliyekuja kulia na wewe humtoi kwa polisi, na kwa sababu Nathanaël atafukuzwa kazi, na mke wake Laetitia amejifungua juzi. Wazee wameniagiza niseme nilikuwa jikoni. Nimechoka. Nimechoka na mashine, nimechoka na lundi, na sasa nimechoka na heshima ya watu wetu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nathanaël mwenyewe ndiye shirika limemtuma kufuatilia mashtaka. Amekaa hapo nje kwenye benchi, mita iko mapajani mwake. Nilipopita alinisalimia akiangalia viatu vyake.

Simchukii. Bila yeye mama yangu angeharibikia ndani ya nyumba yake, na hilo pia naomba liandikwe. Lakini mtu mmoja alitutendea wema, na mwingine analala chini kwenye cachot yenu kwa ajili ya wema huo. Siwezi kumnyamazia Josué.

Nimesema niliyoyaona, na sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: Victorine Mwamini

Noti ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa sauti, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto. Nimemuuliza kama anataka jina la Nathanaël liondolewe. Amejibu: "Uliache." Kabla hajatia sahihi, Nathanaël ameingia bila kuitwa, ameweka mita juu ya meza yangu na kusema: "Mumufungulie Josué. Mimi njo nilifanya." Nimechukua karatasi nyingine.

Gédéon Lukali, O.P.J.