Jina Ulilomwazima Gervas

Kimara, 12 Mei

Shemeji Marselino,

Shikamoo. Sie huku tupo. Noela kapona malaria. Korosho ulizotuma zilifika, watoto wamezimaliza hata sijazionja.

Juzi nilienda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii kufuatilia mafao ya marehemu mume wangu. Dada wa dirishani alitafuta jina la Gervas, hakuliona. Nikampa kitambulisho cha kazi. Picha ni ya mdogo wako, jina ni lako.

Ni kile cheti cha kidato cha nne ulichomwazima ili apate kazi kiwandani. Miaka kumi na saba amechangia kwa jina lako. Dada akasema, "Mama, lete cheti cha kifo cha Marselino." Nikalia palepale, nikamweleza kila kitu. Akashauri uje mwenyewe, uape mahakamani kwamba mwanachama yule hakuwa wewe.

Najua unaogopa kesi. Hata mie naogopa. Na mguu uliosema ulikuzuia kuja kumzika sikuuliza, wala siuulizi leo.

Ila nikwambie kitu kimoja. Siku ya msiba wenzake wa kiwandani walijaa hapa uani, wakawa wanalia, "Marselino, umetuacha!" Nami nikawa naitikia, nawashukuru. Kati ya wote wale, hakuna aliyemlilia Gervas.

Njoo, shemeji. Mahakama baadaye. Kwanza tumlilie sie wawili, kwa jina lake.

Mke wa Gervas,
Yustina