Matundu Matatu kwenye Bastola ya Marehemu

Muhsina shoga yangu, nnakuandikia hata buibui sijavua. Nimemvunja moyo Ishaq. Mwanangu mwenyewe!

Unaijua bastola ya marehemu mume wangu, ile niliyotoka nayo Unguja mwaka ule wa mapinduzi nimeificha ndani ya kanga. Kila alfajiri akishasali, Ishaq huipaka mafuta, kimya. Nkasema basi, huyu anataka kurudi kumtafuta aliyemuua babake. Mume nimeshampoteza, na mwana pia?

Leo nkaipeleka kwa fundi wa bunduki kule sokoni Matrah. Nkamwambia, "Utoboe mtutu, isilie tena. Lakini matundu yawe safi, ncha za chuma zisije zikamkata mwanangu." Wallahi nlisema hivyo. Akatoboa matatu, akayasugua mpaka yakawa laini.

Ishaq kanikuta nayo mlangoni. Akapitisha kidole kwenye matundu, moja moja. "Nani kakutuma, Mama?"

"Nnakuogopea, baba. Nimeona unaitengeneza ukaue."

"Nikaue?" Muhsina, kasema hivyo mara mbili. "Nikaue? Naipaka mafuta isiliwe na kutu. Baba alinifunza kulenga shabaha kwa bastola hii hii, mkono wake juu ya wangu. Kaburi lake hata silijui liko wapi. Nlikuwa na hii tu."

Nkamwambia Ishaq kwamba fundi kaifanya vizuri, haikwaruzi. Ya Rabbi, ndilo neno nililoliona la kusema!

Hakufoka. Angefoka ningepumua. Kaniambia tu, "Miaka miwili hapa Maskati tunakula sinia moja, Mama. Ungeniuliza."