Uso wa Bwana Shauri Juani

Jumatatu, 1 Februari 1954

Memsahib, mke wa Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, kanitumia tarishi nikiwa darasani. Nimewaacha watoto na hesabu zao, nikaenda mbio. Picha yake kubwa imekaribia kwisha: mumewe kakaa kitini, majumbe wa Handeni wamesimama nyuma yake. Itatundikwa kwenye baraza jipya. Uso wa mumewe kauchora mwenyewe. Nyuso za majumbe zilimshinda, zote zilitoka kama viazi vya kuchoma, ndiyo maana aliniita mara ya kwanza. Nimezichora mimi. Jumbe Kibwana hata kovu lake lipo.

Sasa ana wasiwasi. Picha aliyochora akiwa Tanga ilipauka, maua yakawa majivu, na ukuta wa baraza unapigwa na jua la jioni. Anataka nizijaribu chaki zake za rangi — yeye aziita pasteli — kama zitalistahimili. Nikifanya vizuri, atanisemea Makerere, kwenye darasa la uchoraji.

Makerere! Mimi, mtoto wa manamba wa mkonge wa Kilole. Tangu nirudi sijala kitu.

Alhamisi, 4 Februari

Kazi yenyewe nyepesi. Nimepaka mistari ya kila rangi kwenye karatasi nene. Nusu ya kila mstari nimeifunika kwa kadibodi, nusu iko wazi. Juu nimeweka kioo, nikabana vyote kwenye ubao, ubao nikaugongomea kwenye nguzo ya ua, unatazama jua. Baadaye nitafunua na kulinganisha. Basi.

Mke wangu Efrazia kauliza kama Ulaya hakuna jua mpaka waje kutumia letu. Nimemwambia halitoshi. Kasema alidhani hivyo, ukiwaangalia.

Jumapili, 14 Februari

Nimetoka kanisani, nimemkuta jirani yetu Mzee Mwinjuma kasimama uani. Shikamoo yangu kaiitikia huku macho yako kwenye nguzo. Kasema yeye kago, dawa ya kuzuia wezi, akiliona analijua. Muhogo wake unaibwa, naye anaomba kago la shamba kama hili.

Nimemweleza: si kago, ni rangi, najaribu jua. Kauliza kwa upole kwa nini basi nimefunika nusu. Nimeeleza. Na kioo? Nimeeleza. Na kwa nini nimewakataza watu wasiguse? Nimeeleza na hilo, na kila nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kutikisa kichwa kwa heshima. Kaaga akisema hana haraka, mwenye dawa hatoi siku ya kwanza.

Mkatoliki, mwalimu wa Serikali, na sasa mganga. Padri asisikie.

Jumanne, 9 Machi

Nimefunua.

Kahawia zote ziko vilevile. Rangi za udongo, nyeusi — huoni hata mpaka. Lakini zile za waridi zimekwisha! Upande wa gizani bado zinang'aa, upande wa juani karatasi tupu. Na hizo ndizo alizochorea uso wa mumewe. Mashavu, pua, masikio, mikono. Hizo ndizo za bei, kaagiza London. Kahawia alinipa mimi, alisema ni za kawaida tu.

Maana yake, picha ikikaa pale, majumbe wote watabaki, na katikati yao suti nyeupe isiyo na mtu.

Namwambiaje? Memsahib, mumeo hawezi jua?

Alhamisi, 11 Machi

Nimeikata karatasi kwa wembe, mpakani. Nusu iliyokuwa gizani nimempelekea. Nimesema, hizi hapa rangi zako. Si uongo, ni zake. Kafurahi mpaka kapiga makofi. Picha ikishatundikwa ataandika Makerere.

Efrazia alikuwa akichambua mchicha. Kauliza bila kuinua kichwa, hilo somo la kudanganya Wazungu huko Makerere ni la mwaka wa kwanza, au mimi nimeshalivuka?

Nusu ya juani nimeiacha ubaoni. Sikupata moyo wa kuichoma. Aibu ninayo. Hamu ya Makerere inaizidi.

Ijumaa, 19 Machi

Ubao haupo kwenye nguzo. Mzee Mwinjuma kauchukua tangu wiki iliyopita, na kaja mwenyewe kuniambia, bila hata kuona haya. Dawa ya shamba, kasema, mwenyewe akiona tabu kuitoa, unaichukua kimyakimya ndipo inashika. Nami niliona tabu, si ndiyo? Kaisimamisha kwenye muhogo wake, kando ya barabara ya Korogwe. Hakujaibwa hata mzizi. Kaniletea kuku.

Kisha kanieleza linalomuuma. Jana Bwana Shauri alikuwa akirudi kutoka Korogwe, kaliona, kasimamisha gari. Anakusanya vitu vya kienyeji, vinyago, vibuyu, hirizi. Kago kalitia garini, kampa mzee sigara moja.

Kuku kapikwa. Mimi nimekula ugali mtupu, nyama imenikataa.

Jumamosi, 20 Machi

Nimeitwa. Mezani kwa Memsahib, nusu mbili zimewekwa pamoja. Zimeshikana sawasawa, wembe wangu ni mzuri. Upande mmoja mashavu ya mumewe, upande wa pili hakuna kitu.

Mumewe alikuwa mlangoni, anamweleza karani habari za makago ya Wazigua, kwa furaha kubwa. Nilingoja kufukuzwa, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo.

Memsahib akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha jikoni, kwamba Juni wao wanakwenda kwao moja kwa moja. Kwamba Bwana kaipenda sana picha. Kwamba hakuna haja ya kumsumbua. Kisha kago akalifungia kabatini pamoja na vinyago.

Kumbe nilikuwa nahangaika kumficha mtu ambaye naye ana wa kumficha.

Jumamosi, 5 Juni

Korogwe, stesheni. Nimekuja kuwaaga, nalala Kilole kwa mama. Memsahib kanipa sanduku la chaki. Nimelifungua treni ilipoondoka: kahawia tu. Za waridi kaenda nazo.

Na Makerere? Hakuandika. Kasema habari zangu kamwachia Bwana Shauri mpya. Nimempungia mkono mpaka mkono ukauma. Nimechukia, nami niseme hapa, maana kule nilikuwa nacheka.

Jumatatu, 16 Agosti

Pale barazani, uso umekwenda. Ilianza pua masika yalipokatika, sasa yamebaki macho mawili na masharubu. Watu wanakuja kutoka mpaka Mazingara kutazama. Majumbe wenyewe wanang'aa kama waliooga leo. Inasemekana ni kazi ya mwalimu wa kago: kwanza kamwondosha Bwana Shauri mwili, sasa anamwondosha sura. Mzee Mwinjuma ananisifia kila msikiti.

Bwana mpya hacheki. Serikali haiwezi kukaa barazani bila uso, kasema. Alhamisi nije na sanduku langu.

Alhamisi, 19 Agosti

Naandika hapa hapa barazani, nimekaa kwenye ngazi ya kupandia ukutani, vidole vimechafuka.

Fomu ya Makerere iko kwenye mfuko wa shati la Bwana. Kanionyesha. Uso kwanza, sahihi baadaye. Nimemwambia, Bwana, rangi za waridi sina, zimekwenda Ulaya. Kasema nisimletee habari za chaki, nitumie nilizonazo, yeye anakwenda kula.

Majumbe wako kwenye mabenchi, wanangoja kesi ya mbuzi. Jumbe Kibwana kasema, mwalimu, mpake zetu, zetu zinakaa. Nikamwambia nitafukuzwa kazi. Kasema hata ukimwacha hivi utafukuzwa.

Ni kweli. Nikaanza na sikio, kidogo tu, nione. Limependeza — hapo ndipo kwenye balaa. Nikaendelea na shavu, taya, upande mzima wa pua. Sijawahi kuchora uso mzuri kama huu. Mmoja aliyeingia kauliza huyu ni mtoto wa nani, kapelekwa nje ili acheke huko.

Imebaki nusu. Kufuta siwezi, karatasi imeshakunywa. Kuacha siwezi pia, mkono unaitaka hiyo nusu nyingine, nami najua kahawia ipi.

Gari limesimama nje. Askari mlangoni kapiga saluti. Nimeshaichukua chaki