Bomu la Gerda

Coober Pedy, 9 Januari 1992

Kaka Kieran mpendwa,

Hamjambo huko Adelaide? Sisi hatujambo, ila jua la nje halitaki utani. Nyumba yetu imechimbwa ndani ya mwamba, humu kuna ubaridi wa mtungi. Milka ameota jino la pili, sasa ananing'ata akinyonya. Shemeji yako Zoran anachimba vito vya opali, hajapata bado, lakini moyo anao.

Kaka, mchezo wetu wa mashujaa: wewe unasimulia, sisi tunawachezesha kwa dadu. Najua kila Jumamosi mnakaa gereji kwa baba, na kiti changu kiko wazi. Tangu niolewe huku sina kitu changu peke yangu ila Gerda, yule mpiga gobore ninayemchezesha. Basi tuendelee kwa barua. Tulifika lango la mji. Nina gobore, bomu moja la chuma na dukati tatu, sarafu za dhahabu. Namtolea mlinzi dukati moja, namwambia, "Afande, tufungulie, tumelowa na njaa inatuuma."

Mdogo wako,
Maree

Adelaide, 27 Januari

Mdogo wangu Maree,

Salamu tele, na mbusu Milka hapo penye jino. Sisi wazima. Baba anauliza kama unakula.

Mlinzi ameigeuza dukati yako, amecheka. "We mama, hii imekatwa kingo! Dhahabu mmekwangua, mimi mnaniletea ganda?" Amepiga baragumu, wenzake wanakuja. Mvua imekolea, utambi wa gobore lako umelowa, haliwaki. Limebaki bomu. Rusha ile dadu ya nyuso ishirini. Ukipata kumi na tano au zaidi, bomu linavuka ukuta. Chini ya hapo, linakulipukia mkononi.

Nikwambie kweli: sheria ya meza unaijua, shujaa akifa, mwenyewe anaachia kiti. Des, mchezaji mwenzetu, keshaanza: "Mama wa watu akanyonyeshe, kiti apewe binamu yangu." Nimemwambia afunge mdomo. Lakini dadu urushe wewe. Utakachoandika tutakiamini.

Kaka yako,
Kieran

Coober Pedy, 5 Februari

Kaka,

Natumai barua hii itawakuta salama. Sisi tupo.

Niliiweka dadu mezani nijifute mikono kwanza. Milka akaikwapua, akaivurumisha chini. Kumi na nane! Zoran akaruka: "Andika hiyo! Nani atajua?"

Nikamwambia, "Dadu ikianguka sakafuni haihesabiwi. Baba alitufundisha."

"Mke wangu, Adelaide ni mbali!"

"Ndiyo maana. Wananiamini bila kuniona."

Nikaiokota, nikaibusu, nikairusha mezani. Nne.

Basi, Gerda amekufa. Nililia kidogo, nikanyonyesha, nikalia tena. Kiti apewe huyo binamu. Mwambieni gobore asiliache lipate kutu.

Mdogo wako,
Maree

Adelaide, 24 Februari

Maree wangu,

Hujambo, na hao wako? Nisamehe kwa kukawia. Jumamosi mbili tumegombana hapa, na sababu ni wewe.

Niliwasomea barua yako. Baba akajifanya anatafuta spana. Mara Des huyo huyo akasema, "Ngoja. Kieran, si ulisema mvua inanyesha?"

"Ndiyo."

"Ikazima utambi wa gobore?"

"Ndiyo."

"Na bomu nalo si la utambi? Au lenyewe limevaa koti la mvua?"

Nilibisha. Akanijia juu: "Mvua ni moja, bwana! Umwue mtu kwa bomu lililolowa?" Nimeshindwa, na sijawahi kufurahi hivi kwa kushindwa.

Basi sikia: bomu limekuponyoka, limekuangukia mguuni, limezima fyuu. Walinzi wamekukamata. Uko jela, mikono imefungwa kamba. Dukati zako mbili hawakuziona, zimo kiatuni. Uko hai. Binamu wa Des alikuja na kiti chake kutoka kwao.

Kaka yako,
Kieran

Coober Pedy, 2 Machi

Kaka yangu,

Hamjambo wote? Mwambie Des namsalimu yeye na mdomo wake, Mungu amzidishie. Mwambie baba ninakula. Milka ana meno matatu. Opali bado.

Swali moja tu. Hizo dukati mbili, nazo zimekatwa kingo kama ile ya kwanza? Maana kitu kilichokatwa huwa na makali. Kama ndivyo, navua kiatu taratibu, naitoa moja kwa vidole vya mguu, naanza kuikereza ile kamba.

Niambie nipate ngapi. Milka amelala, na Zoran kaishika meza isitikisike.

Mdogo wako,
Maree, pamoja na Gerda