Mkate wa Jumapili na Ngano ya Mulot

Shuleni, Kericho

Baba mpendwa,

Natumaini wewe na Mama mko salama, na kwamba mguu wa nyanya yetu Kogo umeacha kuuma tangu baridi ipungue huko Mulot. Mimi ni mzima. Hapa ukungu hushuka kila alasiri juu ya mashamba ya chai, mpaka wachumaji tunawasikia wakicheka bila kuwaona.

Kaka Kiprono alipita shuleni wiki iliyopita. Alisema ngano yote bado iko stoo. Mnunuzi alipokuja ulimwambia angoje, kama unavyofanya miaka yote ili aongeze bei, lakini safari hii hakurudi. Sasa malori yanapita hapo nyumbani na unga wa ng'ambo, hata hayapunguzi mwendo. Kisha akasema, "Baba anauliza, wewe unayesoma: tulime ngano tena au tuache? Mwenye trekta anataka jibu kabla ya mvua."

Swali hilo limeninyima raha.

Muhula huu tunapewa mkate kila Jumapili. Zamani ilikuwa uji tu. Siku ya kwanza mpishi aligonga sufuria kwa mwiko akaita, "Njooni, wasichana! Unga umeshuka bei, leo mtakula kama wazungu!" Tulishangilia, mimi pia. Kesho yake mwalimu wa Jiografia akauliza kwa nini bei imeshuka. Unajua mimi siinui mkono darasani. Siku hiyo niliinua. Nikaeleza kwamba serikali imefungua soko, na kwamba nchi kubwa kama India na Uchina zinakua kwa kufungua masoko yao. Wakanipigia makofi. Jirani yangu akaninong'oneza, "Kumbe una sauti, Chelangat! Tulidhani ulizaliwa na kitabu mdomoni." Nilifurahi mpaka jioni. Stoo yetu sikuikumbuka hata kidogo.

Baada ya Kiprono kuondoka nilirudi kwenye kitabu kutafuta jibu lako. Kuna mchoro wenye mstari unaopanda tu. Nimeutazama sana. Hausemi mtu wa Mulot afanye nini na magunia yake. Nilipomuuliza mwalimu akasema, "Mwambie mzee avumilie. Kukua kuna maumivu." Naona aibu kukutumia maneno hayo, maana mwalimu hana gunia hata moja huko.

Kwa hivyo jibu langu ni kwamba sijui, Baba. Lakini Kiprono alisema unataka kulima mpaka mtoni ili ufidie hasara. Tafadhali usiguse zile nyasi za kando ya mto. Ulipolima kule juu, mvua iliteremsha udongo mpaka maji ya mto yakawa mekundu. Hilo sikulisoma, niliteka maji hayo mwenyewe. Na ng'ombe anategemea nyasi hizo; maziwa yake bado yana mnunuzi kila asubuhi.

Nisalimie Mama, na Kogo aliyenifundisha kukama, na mdogo wangu Cherono anayechunga ndama. Mwambie asimpige.

Jumapili iliyopita niliapa sitaugusa ule mkate. Nilimpa jirani yangu, kisha nikamwomba anirudishie. Nilikuwa na njaa, Baba. Niliula wote, na ulikuwa mtamu.

Binti yako,
Chelangat